Jina la bibi halimo katika kitabu cha kahawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nimzungumzie mkulima mmoja aliyefariki dunia mwaka huu huko Vunjo, mkoani Kilimanjaro, akiwa amevuka miaka tisini. Mkulima huyo ni bibi yangu mzaa baba. Sitamtaja jina, kwa kuwa shauri la kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, alichokilima maisha yake yote bado liko mezani katika ofisi ya kijiji, na nisingependa barua hii ionekane kama shinikizo kwa wale wanaolishughulikia. Hata hivyo, mengi ya nitakayoyasema yangeweza kusemwa juu ya wanawake wa rika lake kuanzia Rombo hadi Machame.

Bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alichojua ni kile alichoambiwa na mama yake, kwamba alizaliwa baada ya nzige na kabla ya Chama, na wazee wa mlimani hawahitaji maelezo zaidi ya hayo: nzige ni wale waliokula mazao ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Chama ni KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 kuchukua nafasi ya kile cha wapanda kahawa cha mwaka 1925. Alibatizwa, akapata kipaimara katika usharika wa Kilutheri, akasoma kidogo sana utotoni, kisha akaolewa. Babu alikuwa kitinda mimba wa kiume, na kwa mila ya Wachagga huyo ndiye anayebaki na nyumba na kihamba cha wazazi, ilhali kaka yake mkubwa huwa amekwishakatiwa sehemu yake mapema. Kwa hiyo bibi aliingia moja kwa moja katika kihamba kilichokomaa, kisichofika ekari mbili, chenye migomba juu, mikahawa chini ya kivuli chake, magimbi na maharage katikati, na masale yaliyopandwa mstari kuonyesha mpaka na jirani. Ndimo alimolima hadi miguu ilipokataa.

Watu wasiotoka mlimani hukisifu kihamba kana kwamba ni bustani inayojiendesha yenyewe. Ukweli ni kwamba udongo ule umekatwa mazao kwa vizazi na vizazi, na kilichouweka hai ni samadi. Samadi hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wa kwetu hatoki kwenda malishoni. Malisho ndiyo yanayomfuata bandani, tena yakiwa kichwani mwa mwanamke. Kila familia iliyojaliwa ilikuwa pia na shamba la mahindi huko tambarare, upande wa Himo, ambako bibi alishuka kwa miguu alfajiri wakati wa kupanda, wa kupalilia na wa kuvuna. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko kulikokuwa kazi, kwa maana hakuna mwanamke aliyerudi mikono mitupu: mahindi yakivunwa alibeba mahindi, yakiisha alibeba mabua, na mabua yakiisha alibeba majani, mzigo ukimfunika hadi mabegani, ili ng'ombe wale wapate kula, mgomba upate samadi, na mkahawa upate kivuli. Mapumziko pekee aliyowahi kuyataja kwangu yalikuwa ile miezi mitatu ya uzazi, ambapo mzazi wa Kichagga hakai kazini bali hulishwa mtori na nyama na maziwa na mama mkwe wake. Alijaliwa watoto saba, na alizoea kusema kwa mzaha kwamba likizo zake zote nchi hii ilizipata kama raia.

Nieleze habari ya kahawa kwa kirefu kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa gazeti lako huijua kama bei ya mnadani Moshi tu. Kahawa iliyoiva huchumwa punje kwa punje, nyekundu peke yake, na siku hiyohiyo lazima ipitishwe katika mashine ya kukobolea, kwa kuwa ikilala na maganda yake huchacha na kuharibika. Mashine ya nyumbani kwetu ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, na mkono huo mara nyingi ulikuwa wa bibi, au wa shangazi mmojawapo wakati bibi akimimina maji. Punje zenye utelezi zililowekwa usiku kucha, wakati wa baridi zaidi ya hapo, mpaka ule utelezi uachie. Zikaoshwa kwa maji mengi, zile zinazoelea zikaondolewa, kisha zikaanikwa juu ya kichanja. Kazi ya kichanjani haina mwisho unaoonekana: kugeuza, kuchambua zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kufunika mbio kila wingu linaposhuka kutoka mlimani, kufunua tena. Ili kujua kama kahawa imekauka, bibi aliing'ata punje moja kwa jino la pembeni. Jino likiacha alama, kahawa yote ilirudi juani. Karani wa chama alikuwa na mizani yake na kipimo chake, lakini sikumbuki gunia lolote lililorudishwa kwa unyevu baada ya jino la bibi kuliruhusu.

Hapo ghalani ndipo jina lilipobadilika. Karani alipima, akaandika stakabadhi, akaingiza kilo katika kitabu cha mwanachama, na mwanachama alikuwa babu. Utaratibu wenyewe ulieleweka na kila mtu bila kuhitaji kuandikwa: mwanachama ni mwenye mikahawa, mwenye mikahawa ni mwenye kihamba, na mwenye kihamba ni mwanamume. Malipo ya kwanza, malipo ya pili na bonasi, ilipokuwapo, vyote vilipokewa na babu kwa saini yake. Sisemi haya kumshtaki marehemu babu, aliyekuwa mtu wa haki kuliko wengi. Yeye ndiye aliyepogoa mikahawa, akainyunyizia mrututu dhidi ya magonjwa, akatoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, kila alipoitwa, na bonasi ya mwaka mmoja mzuri aliigeuza kuwa bati za nyumba ambayo ingali imesimama. Ninasema tu kwamba kati ya hatua zote nilizozitaja, tangu kuchuma hadi kubeba gunia kwenda ghalani, zilizofanywa na mikono ya babu zilikuwa chache, na kitabu hakikuwa na mstari wa kuandika nyingine.

Fedha ya bibi ilitoka kwenye ndizi. Mgomba, kwa mila yetu, ni wa mwanamke kwa maana ya kwamba yeye ndiye anayeamua mkungu upi ukatwe, upi uende jikoni, upi uivishwe kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na upi uende sokoni. Soko la Mwika lilimjua. Alibeba mchare kwa wanunuzi wa Moshi na wa miji mingine, kisukari kwa wenye watoto, na chupa za maziwa kwa wateja wake wa kudumu, akarudi na chumvi, mafuta ya taa, samaki wakavu, na noti zilizofungwa katika ncha ya khanga. Noti hizo ndizo zilizolipa ada. Serikali wakati ule ilikuwa na nafasi chache mno za sekondari, na Kilimanjaro ikajaa shule zilizojengwa kwa nguvu za kanisa na wazazi, ambako mtoto alisoma kadiri mzazi alivyoweza kulipa. Baba yangu na wawili kati ya shangazi zangu walisoma huko. Hadi leo watu wanaposema kwamba kahawa ndiyo iliyosomesha Wachagga, mimi hukubali nusu tu, kwa kuwa katika nyumba yetu kahawa iliezeka na ndizi ikasomesha.

Kuhusu miaka ya mwanzo wa 1980, ya foleni na maduka matupu, hakuwa na mengi ya kusema. Alifulia kwa majani ya mpapai, akakosa sukari, ikapita. Lililompendeza zaidi, na alilolirudia kila alipopata msikilizaji, ni kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga kwanza. Bibi, ambaye utotoni aliishia kwenye silabi, alikwenda darasani jioni pamoja na wanawake wenzake wa jirani, wakiwa na watoto mgongoni, akatoka akiwa anaweza kusoma Biblia bila kufuatisha kwa kidole, na kuandika. Wengi waliohitimu kisomo walisahau baada ya miaka michache kwa kukosa cha kuandika. Yeye alijitafutia cha kuandika.

Aliandika kahawa. Ninayo madaftari hayo mbele yangu ninapoandika barua hii, ya aina ile yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ya kwanza yakiwa yameliwa na mende pembeni. Kila siku ya kuchuma ina mstari wake: tarehe, idadi ya madebe ya kahawa mbivu, nani na nani walichuma, na msimu ukikaribia kwisha, kilo alizotaja karani. Mahali pengine ameongeza neno moja la hali ya hewa, au la msiba. Kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 1978 ameandika madebe manne na chini yake, kwa mwandiko uleule usiotetereka, kwamba usiku ule alijifungua. Mtoto yule ndiye baba yangu mdogo, ambaye habari zake zinafuata.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawia nchi mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka dunia nzima, na katika miaka iliyofuata vijana wengi wa mlimani waliona mkahawa ni mti wa kuni. Babu alifariki katikati ya hali hiyo. Kwa kuwa baba mdogo ndiye kitinda mimba, kihamba kilihesabiwa kuwa chake tangu siku ya kuondoa tanga, na kitabu cha chama kikahamishiwa jina lake, ingawa alikuwa shuleni na baadaye akahamia Dar es Salaam, na sijui kama amewahi kuzungusha ile mashine msimu mzima. Bibi akaendelea kuchuma, kukoboa na kuanika, safari hii akiandikiwa stakabadhi kwa jina la mwanawe. Wakati wengine waking'oa, yeye aliongeza migomba kati ya mikahawa na kusubiri, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilipoanza kusambaza miche inayostahimili magonjwa, akiwa amekwishavuka miaka sabini, alichimba mashimo.

Kisha baba mdogo akapata mnunuzi wa sehemu ya kihamba iliyo kando ya barabara. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na madeni, na mjini deni halisubiri masika. Kikao cha ukoo kikaitwa nyumbani mwezi wa Desemba, wakati wenye makwao wote wamerudi kula Krismasi. Wazee walizungumza kwa heshima sana. Walimwambia bibi asiwe na wasiwasi, kwamba nyumba haitaguswa, na kwamba wanawe watamtunza kama yeye alivyowatunza. Bibi alimwomba shangazi mkubwa asimame asome madaftari. Shangazi alisoma kwa muda mrefu, msimu baada ya msimu, madebe baada ya madebe, majina ya wachumaji, mpaka mzee mmoja akaomba inatosha. Ndipo bibi akasema, nami nilikuwapo na niliyasikia: "Sikuomba kutunzwa. Nimeomba kihamba kisiuzwe." Uamuzi ulikuwa kwamba hakitauzwa maadamu yeye yu hai. Hakuna aliyeuandika uamuzi huo popote.

Ndugu Mhariri, maneno ya wale wazee hayakutoka hewani. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilisema karibu hivyohivyo: kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Kinachonishangaza ni jinsi maneno hayo yalivyoendelea kuishi huku sheria nyingine zikipita juu yake. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri la mwanamke wa Kagera kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiwango hicho, na inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wanawake watatu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki za wajane wawili walioondolewa katika nyumba za waume zao kwa kanuni zilezile za 1963. Yote hayo yalikwishaandikwa, na bado katika vikao vya ukoo mlimani kinachonukuliwa ni kutunzwa.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke akiandikwa, ardhi ya ukoo itatoka kwa njia ya wakwe. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wasomi, na sipendi kuidharau, kwa kuwa kihamba si mali kama gari. Kina makaburi ndani yake, na bibi naye amezikwa humo, kando ya babu, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Lakini naomba wenye hoja hiyo watazame nyumba zao kwa makini. Kwetu, aliyeleta mnunuzi kutoka nje alikuwa mtoto wa kiume wa ukoo, na aliyemzuia alikuwa mwanamke aliyeolewa kutoka ukoo mwingine. Nimeuliza kwa majirani na kusikia habari zinazofanana na hiyo mara nyingi kiasi cha kuacha kuamini kwamba jinsia ya mmiliki ndiyo inayolinda mpaka wa masale.

Ninaloomba kwa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa si kubwa. Wafungue vitabu vyao, na pale familia inapokubali, jina la mke au mjane anayelima liandikwe pamoja na la mume au mwana, na malipo yawe na saini mbili. Baadhi ya wanawake wamekwishakuwa wanachama kwa haki yao wenyewe, nami nawapongeza, ila wengi wao ni wale waliobahatika kununua ardhi au kuachiwa na mume mwenye busara. Halmashauri za vijiji nazo, zinapoandaa hati za hakimiliki ya kimila, zisiishie kuuliza nani ni mkuu wa kaya. Ziulize nani amelima hapo miaka kumi iliyopita, na zimwite aje athibitishe mwenyewe, kwa kuwa hati inaweza kutolewa kwa majina ya watu zaidi ya mmoja na fomu zina nafasi ya kutosha. Na gazeti lako, ambalo huandika bei ya kahawa kila msimu, lingetutendea hisani kama lingetuma mwandishi siku moja afike kwenye kichanja, si mnadani tu, aone ni nani anayeichambua.

Kwa upande wetu, baada ya mazishi tulikaa tena kikao, mara hii bila haraka ya Desemba. Baba mdogo, ambaye madeni yake yalikwisha zamani na ambaye alilia kaburini kuliko sisi sote, ndiye aliyetoa hoja kwamba kihamba kisajiliwe kwa majina matatu: lake, la shangazi mkubwa anayeishi humo na kukihudumia, na la shangazi mdogo. Wazee wawili wa ukoo walipinga, mmoja akakubali baadaye. Maombi yamepelekwa kijijini yakiwa na nakala za kurasa kadhaa za madaftari kama ushahidi wa matumizi ya ardhi, na mtendaji amesema hajawahi kupokea ushahidi wa namna hiyo lakini haoni sababu ya kuukataa. Tumeambiwa tusubiri kikao kijacho cha halmashauri ya kijiji. Msimu wa kuchuma umeanza, na shangazi mkubwa ameomba daftari jipya.

Wako,
Mjukuu,
Vunjo, Kilimanjaro.